Simba wa Mchezo na Simba wa Pwani ya Mgao

Mchezo wa video uitwao The Lion King ulitolewa mwaka 1994, mwaka uleule ilipotoka filamu ya Disney yenye jina hilo. Uliundwa na Westwood Studios ya Las Vegas, ukatolewa na Virgin Interactive kwa ajili ya mashine mbili zilizokuwa zikishindana siku zile, yaani ile ya Nintendo na ile ya Sega. Kwa hesabu ya michezo ya namna hii huo ni mchezo mzee, walakini haujafa. Mwaka 2019 ulitolewa upya kwa mashine za siku hizi, pamoja na ndugu yake wa Aladdin, na watu waliokuwa watoto miaka ile waliununua ili walipe kisasi.

Sababu ya kuuleta mbele ya wasomaji wa lugha ni nyepesi. Michezo ya kigeni iliyovaa Kiswahili ni michache, na huu umekivaa kichwani. Shujaa wake ni Simba. Mzee wa hekima ni Rafiki. Ngiri ni Pumbaa. Fisi jike ni Shenzi. Na ngazi nzima ya mchezo inaitwa Hakuna Matata. Watoto wa Marekani, wa Ulaya na wa Japani wameyatamka maneno hayo mara nyingi kabla ya kusikia kwamba kuna lugha yenye maneno hayo. Basi yafaa kuuliza mambo mawili: mchezo wenyewe una uzuri gani na kasoro gani, na maneno haya yamefanywa nini ndani yake. Kwa mtazamo wa kwanza maswali haya ni mbalimbali, kumbe yamefungamana.

Uhakiki unahitaji mahali pa kusimama, na hapa mahali hapo ni Pande, rasi ya bara iliyo kusini ya Kilwa Masoko, inayokitazama kisiwa cha Songo Mnara na magofu yake. Pande ni sehemu ya pwani iliyoitwa Mgao, ambayo lahaja yake, Kimgao, hutajwa katika vitabu vya lahaja kwa aya moja au mbili kisha ikaachwa. Mtu wa Pande analijua neno simba kwa njia mbili ambazo mtengenezaji wa Las Vegas hakuzijua hata moja. Analijua kama neno la hadithi, na analijua kama habari inayoletwa asubuhi kutoka mashambani. Mchezo ukitazamwa kutoka huko, baadhi ya sifa zake huzidi, na baadhi ya aibu zake huonekana wazi.

Tuanze na mchezo wenyewe. Una ngazi kumi. Katika sehemu ya kwanza Simba ni mtoto: anaruka, anabingirika, ananing'inia katika kingo za miamba, na ananguruma. Katika sehemu ya mwisho ni simba mzima, mwenye kupiga kwa makucha na kumrusha adui. Afya yake huongezwa kwa kula wadudu, jambo lililotoka katika filamu. Picha zake zilichorwa kwa msaada wa wachoraji wa Disney wenyewe, na hata leo mwendo wa yule mtoto wa simba hupendeza macho: akisimama ukingoni huyumba, akiachwa bila kuguswa hukaa kama paka. Ni nadra kwa mchezo wa filamu kuwa na mwili wa filamu namna hii. Michezo mingi ya aina hiyo siku zile ilikuwa kama khanga iliyochapwa upande mmoja; jina la filamu lilikuwa juu ya sanduku, na ndani yake mlikuwa na mchezo wowote ule.

Lakini jambo bora kupita yote katika mchezo huu halikutokana na kalamu ya mchoraji. Ni ule mngurumo. Juu ya kioo pana kipimo cha sauti ya Simba. Kila angurumapo kipimo hushuka, kisha hujaa tena polepole. Akinguruma kabla hakijajaa, hutoka mlio wa paka tu, na mnyama aliye mbele yake hastuki. Akisubiri mpaka kijae, sauti yake hufanya kazi: nungunungu hupinduka chali, na kima walioshikilia njia hubadili upande wanaomtupia. Yeyote aliyepata kufikiri juu ya usemi atatambua hapa jambo kubwa lililowekwa katika kitu kidogo. Tamko halina nguvu kwa kuwa limetamkwa. Lina nguvu kwa kuwa msemaji amefikia hadhi ya kulitamka, na kwa kuwa wakati wake umefika. Mtoto wa mfalme anayo haki ya kunguruma lakini hana bado mngurumo, na mchezaji huyajua hayo kwa kidole chake kabla ya kuyajua kwa akili. Filamu yenyewe ina tukio moja tu la kichekesho juu ya jambo hili. Mchezo umelifanya kuwa sheria ya dunia yake. Methali isemayo simba mwenda pole ndiye mla nyama haikuwafikia waundaji, lakini waliigusa kwa kupapasa.

Ngazi ya pili ndiyo iliyoujengea mchezo sifa mbaya, na sifa hiyo ni ya haki. Simba yumo katikati ya wimbo wa watoto, katika shamba la rangi za kupumbaza: anaruka juu ya vichwa vya twiga, anapanda mbuni anayekimbia, anatupwa na kima kutoka mti hadi mti. Kima hawa ni fumbo. Mchezaji sharti amngurumie kima fulani ili abadili upande, kisha mwingine, kwa utaratibu usioelezwa popote; akikosea mmoja, mnyororo mzima humrudisha alikotoka au humtumbukiza majini. Mbuni naye hukimbia bila kusimama, na mahali pengine sharti mchezaji aruke mara mbili hewani, kwa kufumba na kufumbua. Watoto wengi hawakuiona ngazi ya tatu kamwe. Na kwa kuwa kaseti haikuwa na njia ya kuhifadhi mahali mtu alipofika, kila siku ilianza upya na mbuni yuleyule.

Sababu ya ugumu huo imesimuliwa hadharani na Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood. Siku zile katika Marekani kaseti za michezo zilikuwa zikikodishwa madukani kwa siku chache. Disney walihofu kwamba mtoto angeukodi mchezo, aumalize, aurudishe, na asinunuliwe. Basi wakaomba ufanywe mgumu mapema, ili asiweze kuumaliza ndani ya siku za kukodi. Fumbo la kima, kwa hiyo, halikutungwa kwa ajili ya hadithi, wala kwa ajili ya mchezaji, bali kwa ajili ya duka. Hapa ndipo penye kosa la kweli la mchezo huu, na si katika ugumu wenyewe. Ugumu ni sehemu ya raha. Kitendawili chepesi hakina raha. Lakini kitendawili cha Kiswahili huanza na ahadi: anayetega husema kitendawili, anayejibu husema tega, na jibu limo katika maneno yaliyosemwa. Akishindwa, hutoa mji, na mtegaji hulazimika kulitoa jibu. Mchezo wa Westwood hupokea miji yote na hautoi jibu.

Hali hiyo hurudi mwisho wa mchezo. Simba akiwa mzima anapambana na amu yake, Scar, juu ya jabali la ufalme. Mchezaji humpiga kwa makucha mpaka mkono uchoke, na Scar huchoka pia, lakini haanguki. Haanguki kwa sababu kupigwa hakumalizi kitu. Sharti arushwe kutoka ukingoni, kwa namna ya pekee ya kushika na kugeuza ambayo mchezaji hakulazimishwa kuitumia kwa lazima hiyo katika ngazi zilizotangulia. Wengi wamefika hapo, wakapigana kwa dakika nyingi, wakazima mashine wakidhani imeharibika. Hata hivyo wazo lenyewe ni zuri: mdhalimu haondoki kwa kuumizwa, huondoka kwa kuondolewa mahali pake. Laiti waundaji wangelifundisha mapema, ingalikuwa tamati bora kuliko ile ya filamu.

Ngazi za katikati zinaweza kupitiwa upesi. Makaburi ya tembo ni mazuri kwa giza lake. Fisi humo hawapigiki mpaka wachoke kwa kurukaruka na kuhema, ndipo mtoto wa simba awarukie. Hilo linapatana na fisi wa hadithi za pwani, ambaye ulafi na haraka yake ndivyo vimwangushavyo. Mbio za nyumbu korongoni ni ngazi ya kustaajabisha: Simba hukimbia kumwelekea mchezaji, na nyumbu hutokea nyuma yake, hivi kwamba hatari haionekani ila imekwisha kufika. Ni ngazi fupi na ndiyo yenye hofu ya kweli. Michezo midogo ya Timon na Pumbaa ya kukamata wadudu ni pumziko, wala haina zaidi ya hapo.

Sasa majina. Simba ni jina la kawaida lililopewa cheo cha jina la pekee, na kwa Mswahili jambo hilo lina uchekeshaji ambao mgeni hauoni: ni simba aitwaye Simba, kama vile mtu aitwe Mtu. Si kosa, watu wamepewa jina hilo la sifa tangu zamani, na timu ya mpira ya Dar es Salaam iliyokuwa ikiitwa Sunderland imekuwa Simba tangu mwaka 1971. Rafiki ni neno zuri, ingawa mwenye jina hilo ana uso wa mandirili, nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun ambaye hajapata kuishi Afrika Mashariki. Timon naye ni nguchiro wa jangwa la Kalahari. Na katika ngazi ya Hakuna Matata hutokea sokwe mkubwa wa misitu ya Kongo akitupa nazi. Bara zima limekunjwa likatiwa katika mbuga moja, na Kiswahili kimetumwa kulifunga kama kamba.

Sarabi, mama yake Simba, ana jina lenye ushairi: sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbali wakati wa jua kali. Aliyelichagua alifungua kamusi kwa bahati njema. Mufasa na Zazu si maneno ya Kiswahili. Banzai ni mwito wa Kijapani. Pumbaa ni shina la kitenzi, lenye kiishio kile cha hali kinachoonekana katika shangaa, kaa na zubaa. Kumwita mtu Pumbaa ni kumwamrisha apumbae, si kumwambia kuwa ni mpumbavu. Mtindo huo ulizidi katika filamu ya pili ya mwaka 1998, ambamo mna simba jike aitwaye Vitani, yaani neno lenye kiambishi cha mahali. Msichana huyo kwa kweli si mtu bali ni anwani. Mwenzake anaitwa Nuka. Hayo ni ya kuchekesha, na hayana madhara.

Shenzi si wa kuchekesha sana. Kwa mtungaji wa California huenda lilikuwa neno la kamusi lenye maana ya mtu asiye na adabu, likamfaa fisi. Lakini neno hilo lina njia lililopita, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni ya Kilwa. Katika karne ya 18 na ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremka Kilwa, na Kilwa Kivinje ikawa mlango mkubwa wa biashara ya watumwa katika pwani hii. Aliyefika kutoka bara aliitwa mshenzi na watu wa mji. Jina hilo lilimtoa katika watu kabla hajatiwa katika bei. Wajukuu wa walioitwa hivyo na wajukuu wa walioita wanaishi leo katika vijiji vilevile, wanaswali katika misikiti ileile, na neno lingali lina makali pakitokea ugomvi. Katika mchezo, Shenzi na wenzake wanakaa nje ya mpaka wa ufalme, mahali penye mifupa na giza, na kazi ya mchezaji ni kuwatoa kila wanapoingia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini neno lililofanya kazi hiyo kwa watu limekwenda ng'ambo na kurudi likiwa limevaa ngozi ya fisi, likifanya kazi ileile. Wahakiki wa lugha ambao wamecheka sana juu ya Pumbaa wangalifaa kukaa kidogo zaidi juu ya jina hili.

Kisha kuna Hakuna Matata. Maneno haya mawili yamebishaniwa mno, na mengi yaliyosemwa si sahihi. Imedaiwa kuwa si Kiswahili. Ni Kiswahili, tena hayana kosa la sarufi hata moja. Ni kwamba mtu wa Kilwa au wa Lindi aghalabu angesema hakuna shida, au hamna tabu, au hakuna neno. Yalikwisha kusikika katika wimbo wa kundi la Them Mushrooms la Kenya mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu, na yakawa ya mahoteli na ya watalii. Disney waliomba mwaka 1994 kuyasajili kuwa alama ya biashara yao katika Marekani, wakakubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2018, filamu mpya ilipokaribia, malalamiko juu ya usajili huo yalitiwa saini na maelfu ya watu. Usajili wa alama ya biashara haumkatazi mtu kusema. Unamkataza mwingine kuchapa maneno hayo juu ya bidhaa za aina zilizotajwa na kuziuza huko. Walakini aibu haipungui kwa maelezo hayo. Fulana ni bidhaa, na neno ni la watu.

Kisichosemwa ni kwamba mchezo wenyewe uliyaelewa maneno hayo kuliko wanasheria. Matata hutokana na tata, ile hali ya uzi au mshipi wa mvuvi uliojifunga wenyewe hata mwanzo na mwisho wake haujulikani. Sasa, ngazi inayoitwa Hakuna Matata ni tatizo tupu: Simba sharti apande maporomoko ya maji kwa kurukia magogo yanayoanguka, kila gogo likimpeleka chini wakati yeye anataka juu, na kingo zikijificha nyuma ya majani. Ni moja ya ngazi zenye kuvuruga akili kuliko zote. Kama jina liliwekwa kwa kejeli au bila kufikiri haijulikani, lakini mchezaji ajuaye Kiswahili hucheka mahali ambapo wengine hulia.

Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni urafiki wa simba na nguruwe. Katika filamu na katika mchezo Simba aliyefukuzwa kwao huokolewa na ngiri, hula wadudu pamoja naye, na urafiki huo humlea mpaka awe mkubwa. Katika pwani ya Lindi simba na nguruwe wamefungamana kwa namna nyingine. Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapa katika jarida la Nature hesabu ya mashambulizi ya simba katika Tanzania: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua watu wasiopungua 563 na kuwajeruhi wasiopungua 308, na sehemu kubwa ya misiba hiyo ilitokea katika wilaya za kusini. Uchunguzi wao, na ule uliofuata katika Rufiji na Lindi, ulionyesha jinsi inavyotukia. Nguruwe mwitu huingia mashambani usiku kula mazao. Kwa kuwa Waislamu wa pwani hawali nyama yake, hufukuzwa tu, hawindwi kwa ajili ya chungu. Mkulima hulazimika kulala shambani wakati wa mavuno, katika dungu la miti na makuti, ili awafukuze. Simba naye, ambaye swala na pofu wake wamepungua, humfuata nguruwe. Afikapo shambani humkuta mtu.

Basi katika nchi hii nguruwe ndiye amletaye simba kwa watu, na simba ajaye hana muziki. Mama aliyelala dunguni Lindi na mtoto aliyelala juu ya kochi huko Chicago wote wawili wamelisikia neno simba usiku. Mmoja ameshika pedi. Si kosa la mchezo kwamba mnyama wake si mnyama wa Lindi. Hadithi zina haki ya kubuni. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba hadithi za pwani hazikumfanya simba mfalme mwema hata siku moja. Katika hadithi za sungura na simba, kama zile zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapwa mwaka 1870, simba ni mwenye nguvu, mwenye mali, na mwepesi wa kudanganywa. Sungura humwibia asali, hukamatwa, na hujiponya kwa kumfundisha simba namna ya kumwua ambayo haiui. Wasimulizi wa hadithi hizo waliishi na simba wa kweli nyuma ya nyumba zao, wakaona raha katika kumshinda kwa maneno. Watungaji walioishi mbali naye ndio waliompa taji.

Na hapa yaonekana pengo kubwa la mchezo huu likilinganishwa na hadithi hizo: hauna ujanja. Kila tatizo lake hutatuliwa kwa wakati na kwa kidole. Hakuna hata moja linalotatuliwa kwa kudanganya. Amri zake zote ni za namna moja: ruka, inama, bingirika, piga, nguruma. Ukiutazama kwa sarufi, ni kitabu kizima cha hali ya kuamrisha, kisicho na masharti wala uwezekano. Hamna kama, hamna huenda. Ule mngurumo peke yake ndio unaokaribia sentensi yenye sharti: usiposubiri, hutasikiwa.

Hata hivyo mchezo huchezwa na watu, na watu huujaza maneno usiokuwa nayo. Katika Tanzania umekuwapo ufundi wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, katika vibanda vya video na katika kanda za kuuzwa. Aliyejulikana kuliko wote ni Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz. Msimulizi wa namna hiyo hatafsiri tu. Huongeza, hueleza, huonya, hutaja mitaa ambayo filamu haikuijua. Jambo hilohilo hufanywa bila malipo nyuma ya kila mtu aliyeshika pedi. Mmoja hucheza, wanne husimulia. Na hapo Kiswahili hufanya mambo ya kupendeza. Ruka, kwa mfano, ni kitenzi kimoja kwa ndege na kwa chura, na mshauri apigaye kelele ruka wakati wa mbuni huweza kumponza mchezaji asiyejua kama ataruka mara moja au mara mbili. Nafsi za vitenzi nazo huchanganyika: Simba akianguka, mchezaji hasemi amekufa, husema nimekufa, bali akishinda, watazamaji ndio husema tumeshinda. Uhai na mauti ni vya mmoja, ushindi ni wa kibanda kizima. Uchunguzi wa usemi huo bado ni shamba ambalo halijalimwa, na halihitaji fedha nyingi kulilima. Sehemu ya umeme unaowasha mashine hizo Dar es Salaam hutoka katika gesi ya Songo Songo, iliyoanza kupelekwa huko mwaka 2004. Kilwa kwa hiyo imo ndani ya mchezo kwa zaidi ya neno moja.

Toleo la mwaka 2019 liliongeza uwezo wa kurudisha mchezo nyuma, kama mtu anavyorudisha kanda. Mchezaji akianguka kutoka kwa mbuni hubonyeza, na mbuni hurudi kinyumenyume mpaka mahali pa salama. Dawa hii huponya maradhi yaliyotiwa kwa ajili ya duka la kukodisha, na kwa sababu hiyo ni ya haki. Watu wengi wameiona ngazi ya tatu kwa mara ya kwanza miaka 25 baada ya kuinunua. Lakini huponya na kilicho kizima pia. Mngurumo ukikosewa hurudishwa, na kipimo kile kinachofundisha kungoja hakifundishi tena. Afadhali wangetoa maelezo ya kima na ya kumrusha Scar, wakaacha mengine kama yalivyo.

Filamu ilitiwa sauti za Kizulu, na jambo hilo liliwafurahisha Wazulu kama ilivyostahili. Ikiwa siku moja mtu atapewa kazi ya kuutia mchezo huu Kiswahili, ataanza na shida ambayo mtafsiri mwingine yeyote duniani hakuwa nayo: maneno yanayotakiwa kubaki ya kigeni ndiyo ya kwake. Simba ataweza kubaki, na Rafiki. Sarabi aachwe, kwa kuwa ni jina zuri. Shenzi lazima abadilishwe, na lugha ya hadithi ina majina mengi ya fisi yasiyomtukana mtu. Pumbaa apewe kiambishi, au aachiwe wachekao. Ama Nala, ambaye vitabu vya wageni husema jina lake lina maana ya zawadi, huyo asiguswe: kwa wakati uliopo wa kiambishi -a-, kama wasemavyo washairi na wazee, nala ni sentensi kamili yenye kiima na kitenzi, na ndilo jina pekee katika mchezo huo ambalo mkulima wa Lindi angelikubali kuwa ni la simba.